Salamu za Pasaka kutoka Maswa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwangaluka, kama wanavyoamkiana huku asubuhi. Pasaka imetukuta kwenye matope. Pamba imefunga vitumba, na wengine wanakuja ibadani wakinukia dawa ya kupulizia, maana wadudu hawana sikukuu.

Mkesha wa Jumamosi tulibatiza watu tisa kwenye lambo. Kanisa la kale nalo lilibatiza usiku huohuo. Augustino, yule mwalimu mkubwa wa imani, alibatizwa na askofu Ambrosi kule Milano, usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Sidhani kama yeye alisubirishwa ng'ombe wanywe kwanza.

Miongoni mwa hao tisa yumo mayu (mama) mmoja mtu mzima, hajui kusoma. Kwenye darasa nilikuwa nasimulia habari za kaburi, Yohana 20, nikiwa na haraka ya kufika kwa Mariamu pale bustanini. Akanikatiza: ile leso ya kichwani, umesema ilikuwa imekunjwa, imewekwa peke yake? Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Basi hakuiba mtu. Mwizi hakunji nguo." Nimeihubiri sura hiyo miaka mingi, na leso nilikuwa nairuka. Darasa zima liliangua kicheko, yeye akaendelea kuchambua mchicha wake.

Mengine si ya kuchekesha. Mzee mwenye wake wawili ameamini kwa moyo wote, nao wake zake wameamini. Wako wanaotaka amrudishe mdogo kwao. Watoto wanne wa yule mama wataitwa nani? Sijampa jibu, na siku hizi sioni aibu kusema hivyo. Na yupo kijana aliyekuwa mpiga ngoma wa Bagalu, kundi la ngoma za mashindano za Wasukuma, ambaye wazee wetu wa kanisa walitaka asiguse ngoma tena. Hapo nilikataa. Alichoacha ni dawa za kushindia mashindano. Mikono ni ile ile aliyopewa na Mungu, na Jumapili hii kwaya imeifaidi.

Kosa langu mwenyewe nalo niliseme. Mwaka jana, tulipochangishana bati, majina yalisomwa mbele ya watu pamoja na kiasi cha kila mmoja. Ndugu mmoja, mchanga kabisa katika imani, alisomwa sifuri. Hakurudi. Nimeshakwenda kwake mara tatu. Hunipa kiti, hunikaribisha maziwa, tunaongea mvua na ng'ombe mpaka jua linazama. Kanisa halitajwi. Matendo 17 inasema Paulo alihojiana nao Thesalonike sabato tatu, kisha akatoroshwa usiku. Zamani nilidhani barua yake ya kwanza kwao ni mafundisho matupu. Sasa nikiisoma namwona mtu asiyepata usingizi, hata akakubali kuachwa Athene peke yake ili Timotheo aende kuwaangalia wale wachanga hali zao.

Bati zenyewe zimepigwa upande mmoja. Upande wa pili tunaabudu chini ya turubai, na mvua ya leo imelowesha mimbari, hakuna aliyeondoka.

Basi Kristo amefufuka, amefufuka kweli kweli. Pokeeni salamu za hawa tisa, mmoja mmoja. Jumanne napita tena kwa yule ndugu. Mkimwombea, semeni tu "yule wa bati".