Tusiwaachie bahari watoto na wavuvi peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wakaazi wa mjini Unguja tunalipita kila siku bila ya kulijali, nalo ni kuogelea kwa ajili ya mazoezi.

Mwaka juzi daktari aliniambia kuwa presha yangu haitashuka kwa vidonge pekee, akanitaka nitembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, yaani zile dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Nilitii, lakini haukupita mwezi magoti yalivimba hata nikawa nasali juu ya kiti. Aliyenizindua ni mpwa wangu, ambaye ni mvuvi: "Mjomba, unahangaika na lami na bahari ipo?"

Nimekuja kuelewa kwamba alikuwa na hoja. Ukisimama katika maji yaliyokufika kiunoni, miguu hubeba kama nusu tu ya uzito wako, na yakifika shingoni husalia takriban sehemu moja ya kumi. Hata hivyo maji ni mazito kuliko hewa kwa mara mia nane hivi, kwa hiyo kila unapovuta mkono au kupiga mguu, mabega, mgongo na mapaja hufanya kazi kwa pamoja na moyo ukaenda mbio, bila ya goti kugonga chini hata mara moja. Siku ya kwanza niliogelea kutoka ngalawa moja iliyotia nanga hadi ya jirani yake, nikabaki nimeshikilia mrengu, ule ubao wa pembeni wa ngalawa, nikihema kama niliyekimbizwa. Sasa huenda na kurudi mara kumi, na magoti yamenyamaza.

Kinachonisikitisha ni kuwa wengi wetu hatuwezi. Watoto wanaojirusha baharini pale Forodhani wanajua, wavuvi wanajua. Lakini mke wangu, aliyezaliwa na kukulia pwani, hajapata kupita kina cha magoti, kwani wasichana wa rika lake walikwenda kuchokoa pweza na kuokota chaza maji yakipwa, na yalipoanza kujaa walirudi nyumbani. Ilipozama meli ya abiria ya MV Spice Islander mwezi wa Septemba 2011 tulizungumza sana juu ya maboya na idadi ya abiria, na ilikuwa haki kuzungumza hivyo, ila suala la kuwafundisha watu kuogelea lilipata nafasi ndogo mno.

Ombi langu kwa wahusika ni dogo. Itengwe sehemu ya ufukwe wa Kizingo, isafishwe chupa zilizovunjika, ifungwe kamba yenye maboya ili watu wasivuke, awepo mwokoaji, na ziwekwe siku za wanawake peke yao pamoja na walimu wa kike. Skuli za karibu nazo zipewe zamu. Nasihi tu kwamba ratiba ifuate maji, isifuate saa za ofisi: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, ambao ni wakati mzuri kwa mtu aliyetoka kazini, lakini siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, hujaa mnamo saa nne, na atakayekuja alasiri atakuta maji yamekwisha kupwa.

Mwalimu mstaafu,
Mazizini, Unguja