Risala ya wahadhiri wapya kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga mafunzo ya ufundishaji wa chuo kikuu, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi, Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma;
Wakuu wa Ndaki na Wakuu wa Idara;
Wawezeshaji wetu;
Wahadhiri wenzetu, mabibi na mabwana.

Shikamooni wakubwa wetu. Kwa foleni ya Ubungo ilivyokuwa asubuhi hii, Ndugu Mgeni Rasmi, kufika kwako kwa wakati tumekupokea kama heshima kubwa. Karibu sana.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu wa darasa la kwanza pale Manzese hakabidhiwi chaki mpaka apite chuo cha ualimu, asome saikolojia ya mtoto, aende mafunzo kwa vitendo na kukaguliwa akiwa na andalio la somo mkononi. Sisi tuliajiriwa kwa GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ambao kilele chake ni 5. Anayeingia na shahada ya kwanza hutakiwa awe na angalau 3.8, mwenye uzamili 4.0, na hatuna ugomvi na vigezo hivyo. Ila vinapima mtu alivyosoma. Havisemi lolote kuhusu atakavyosomesha wengine. Wengi wetu tulipata barua ya ajira, na wiki ileile tukapewa kozi na ukumbi uliojaa hadi ngazini. Tukafundisha kama tulivyofundishwa.

Somo lililotutikisa zaidi ni utungaji wa mitihani. Wawezeshaji walitutaka tulete karatasi za miaka ya nyuma, kisha tukayapanga maswali kwa ngazi sita za kufikiri walizochapisha mwanasaikolojia wa elimu Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956: kujua, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kuunganisha na kutathmini. Karatasi za mwaka wa kwanza na za mwaka wa tatu zilirundikana ngazi ya chini pamoja, zote zikimwamuru mwanafunzi ataje, aorodheshe, aeleze kwa kifupi. Ndipo tukaelewa kwa nini biashara ya madesa, zile nakala za notisi na majibu ya kukariri, inastawi kwenye vibanda vya fotokopi. Kijana akijua swali litarudi vilevile, ahangaike maktaba kwa lipi? Tunalalamika kuwa wanakariri, kumbe mtihani ndio unaowaagiza. Sasa kila mmoja wetu ameandika upya muhtasari wa kozi yake akianzia mwisho: muhula ukiisha mwanafunzi aweze kufanya nini, swali gani litaonyesha kwamba anaweza, halafu ndipo mada za mihadhara.

Mada ya lugha nusura ituvunjie urafiki. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya serikali alisoma miaka saba kwa Kiswahili, akahamishiwa Kiingereza kidato cha kwanza, na hapa chuoni mhadhara ni Kiingereza. Ukiuliza kama kuna swali, kimya. Ukitoka, wanakufuata koridoni na maswali mazito, yote kwa Kiswahili. Baadhi yetu walisema tushike kanuni, maana vitabu na mitihani ni vya Kiingereza. Wengine wakasema dhana ngumu ifafanuliwe kwa lugha inayoeleweka. Hatukuafikiana, na pengine si kazi yetu kuamua. Tulichokubali ni kidogo: kabla ya kuliuliza darasa zima, waachwe wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayoitaka, kisha wajibu kwa Kiingereza. Waliojaribu kwenye semina wanasema viti vya nyuma vimeanza kuongea.

Kuhusu kurekodiwa video tukifundisha, tuseme tu kwamba kila mtu amejiona.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ombi letu kubwa ni kwamba mafunzo haya yatangulie darasa, yasilifuate. Uingereza, kamati ya elimu ya juu iliyoongozwa na Ron Dearing ilipendekeza mwaka 1997 kwamba mhadhiri mpya wa muda wote atambuliwe rasmi kwa ufundishaji ndipo amalize kipindi cha majaribio. Kwetu kipindi cha majaribio kipo, na fomu zake zipo. Tunaomba cheti cha mafunzo haya kiwe sharti la kuthibitishwa kazini, na katika muhula wa kwanza mhadhiri mpya apunguziwe vipindi, awe chini ya mhadhiri mwandamizi. Tunajua idara zitajibu kuwa watumishi ni wachache. Ni kweli, lakini darasa la watu mia nne likila sapu, yaani likirudia mtihani, watakaosahihisha tena ni watumishi haohao. Mradi wa serikali wa elimu ya juu, HEET, kwa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia, umesomesha wanataaluma uzamili na uzamivu. Fedha za namna hiyo zikifika hapa, tungependa nazo ziguse ufundishaji wenyewe.

Lipo pia suala la kupanda cheo. Machapisho huhesabiwa moja moja, ilhali ufundishaji hupimwa kwa fomu ambazo wanafunzi hujaza mwisho wa muhula huku mawazo yao yako kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Tunaomba taarifa ya mwenzako aliyekaa darasani kwako, pamoja na mitihani uliyotunga, viwekwe mezani sambamba na machapisho.

Mengine ni vipaza sauti kwenye kumbi kubwa, na waya wa projekta usiohitaji kushikiliwa na CR, kiongozi wa darasa, kipindi kizima.

Kwa heshima tunakuomba utukabidhi vyeti, na kabla hujaondoka utuambie kama ombi la kwanza linaweza kuanza na wahadhiri watakaoajiriwa mwaka huu wa masomo.

Tunaomba kuwasilisha.