Wapenzi wa Ugogo nao wanastahili filamu yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaojirudia katika safu hii ya barua, kuhusu filamu za mapenzi za India, China, Korea Kusini na nchi nyingine za Asia ambazo vijana wetu wa Dodoma huzitazama kwenye simu, kwenye ving'amuzi na katika vibanda umiza vya Chang'ombe na Nkuhungu. Waliotangulia kuandika wameshikilia kwamba filamu hizo zinawaharibu vijana na kwamba dawa yake ni kuzipiga marufuku. Kuhusu umri wa watazamaji sina ubishi nao: Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa madaraja ya umri, na mwenye kibanda anayewaingiza watoto wa shule ya msingi usiku achukuliwe hatua. Lakini linabaki swali ambalo naona limekwepwa, nalo ni kwa nini kijana wa Kizota amlilie binti wa Maharashtra, jimbo la India, ambaye hata lugha yake haijui, ilhali filamu ya kwetu, inayozungumza Kiswahili chake mwenyewe, huizima kabla haijafika katikati.

Kwa maoni yangu, watunzi wa filamu bora za Asia huwapa wapenzi wao dhiki ambayo chanzo chake kinajulikana. Chukua Sairat, filamu ya Kimarathi, lugha ya Maharashtra, ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Nagraj Manjule. Archi ni binti wa mwanasiasa mwenye mashamba makubwa. Parshya ni mtoto wa mvuvi, wa tabaka la chini. Wanapotoroka hadi mji wa Hyderabad, mwongozaji hawaachii wastarehe ati kwa kuwa wameupata uhuru. Anawaweka katika mtaa wa mabanda, anamwonyesha binti aliyezoea kuendesha pikipiki na trekta kwao sasa akijifunza kazi ya kiwandani, na anawaonyesha wakigombana kwa wivu na uchovu hadi karibu waachane. Hata mauti yao hayaletwi na ajali ya barabarani. Yanaletwa na ndugu wa damu wa yule binti, kwa sababu ile ile tuliyoonyeshwa tangu mwanzo, yaani tofauti ya tabaka. Manjule ni mzaliwa wa Karmala, katika wilaya ya Solapur, nchi ya ukame kama hii yetu, na huko huko kwao ndiko alikoiweka hadithi yake, akiwapa nafasi za mbele vijana wawili wasiokuwa na jina lolote katika uigizaji. Filamu hiyo, ya lugha ya jimbo moja tu, iliingiza zaidi ya rupia bilioni 1. Nalitaja hilo kwa ajili ya watayarishaji wetu wanaodai kwamba hadithi ya kijijini haiuzi.

Mfano wa pili ni Under the Hawthorn Tree, filamu ya mwaka 2010 ya Mchina Zhang Yimou, iliyowekwa katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, enzi za Mao, ambapo watu wengi waliadhibiwa kwa tuhuma za kisiasa. Baba wa binti ametiwa doa la kisiasa, na mama yake anafahamu kwamba kosa dogo tu litamnyima mwanawe kazi ya ualimu. Ndiyo maana vijana hao wanapovuka kijito hawathubutu kushikana mikono. Kijana ananyoosha kijiti, binti anashika upande wa pili. Waliosema kwamba filamu hizi zote ni za kukumbatiana wangeanzia hapo. Tena mama anayewazuia si mwovu, bali ana sababu ambayo mzazi yeyote wa Dodoma ataielewa. Ninachokilaumu ni mwisho wake, kwa kuwa kijana anakufa kwa saratani ya damu, ugonjwa ambao filamu za mapenzi za Korea Kusini na Japani nazo zimeuzoea mno. Maradhi humwondolea mtunzi mzigo wa kujibu swali alilolianzisha yeye mwenyewe.

Wala tusiseme kwamba watazamaji wa Tanzania hufuata mahaba peke yake. TBC ilipoonyesha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, watu walikaa mbele ya runinga kufuatilia misukosuko ya ndoa changa na wakwe, yaani mambo ya nyumbani kabisa.

Sasa tazama za kwetu. Katika nyingi nilizoziona, wapenzi wanaishi katika jumba la ghorofa Dar es Salaam lisilojulikana limejengwa kwa fedha gani, na kinachowatenganisha ni mganga, jini au rafiki mwenye husuda. Mtazamaji hawezi kuuliza mkosaji ni nani, kwa sababu jini halina baba, halina shamba wala halikai kikao cha ukoo.

Huku kwetu mambo ya kusimulia yamejaa. Mahari ya Kigogo ni ng'ombe. Kijana wa Bahi ambaye mifugo ya baba yake imekwisha kwa ukame hulazimika kuja mjini kuuza maji ya chupa kwenye mabasi, huku wajomba wa binti wakihesabu miezi na mchumba mwingine mwenye zizi akiwa amekwisha kutuma mshenga. Mwislamu wa Kirangi kutoka Kondoa hukutana na Mwanglikana wa Kigogo kutoka Mpwapwa katika Chuo Kikuu cha Dodoma, wakapendana miaka yote ya masomo, na ugumu ukaanza siku wanayotakiwa kuzieleza familia. Wapo pia mabinti wanaoozwa mapema kwa mtu mzima, ilhali Mahakama ya Rufani ilithibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinapingana na Katiba. Mtunzi mwenye hayo yote mkononi anamtafutia jini kazi gani?

Wapo wazee watakaosema kwamba kuigiza mambo haya ni kuzianika mila zetu. Hofu yao naielewa, lakini itapungua ikiwa baba anayedai ng'ombe atapewa naye nafasi ya kueleza kwa nini anawadai, kama alivyopewa yule mama wa Kichina.

Ninaiomba Bodi ya Filamu, pamoja na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaowakopesha wasanii, wafikirie kutenga sehemu ya mikopo kwa ajili ya miswada inayotungwa na kurekodiwa katika mikoa ya kati, na wawashirikishe wanafunzi wa sanaa waliopo vyuoni. Nyumba za tembe bado zipo Chamwino, na kuziazima kwa siku chache hakutagharimu kama kukodi jumba la Mbezi. Maandalizi yakianza mwezi Agosti, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani, watu watapatikana vijijini bila taabu.

Mwalimu mstaafu,
Makole, Dodoma.