Msikate sehemu ya kanisani

Mhariri,

Krismasi iliyopita kituo kimoja cha televisheni kilionyesha Home Alone, ile filamu ya mwaka 1990 kuhusu Kevin, mtoto aliyesahauliwa nyumbani peke yake akapambana na wezi. Nilimketisha binti yangu kando yangu kwa ajili ya sehemu moja tu, na haikuwepo. Walikuwa wameikata, yakawekwa matangazo.

Watoto hucheka wezi wanapopigwa na makopo ya rangi, nami nilicheka. Lakini nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa na miaka minane, sawa na Kevin, na aliyenitia hofu ni jirani yake, mzee Marley, mwenye ndevu nyeupe na koleo la theluji. Kaka yake Kevin alikuwa amemzulia kuwa ni muuaji. Halafu usiku wa mkesha, kanisani, mzee huyo anakuja kuketi karibu na mtoto. Kumbe amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya, kwa kuwa amegombana na mwanawe na hawasemezani. Na ni mtoto anayemshauri ampigie simu! Roberts Blossom, aliyekuwa mzee Marley, aliigiza pale kwa upole ambao sijausahau mpaka leo.

Bila mazungumzo hayo, mwishoni Kevin anapochungulia dirishani na kumwona Marley akimkumbatia mjukuu, mtazamaji mgeni haelewi kitu. Binti yangu aliniuliza, "Mama, huyo babu ni nani?"

Nawaomba wanaopanga vipindi, mwaka huu kateni kwingine.

Mama wa binti mmoja