Barua ya Kufunga Muhula: Ukumbi Umechanua, Atlasi Imechanwa

Kwa: Wazazi na Walezi wote
Kutoka: Ofisi ya Mwalimu Mkuu

YAH: KUFUNGA MUHULA, MAPAMBO YA UKUMBI NA MENGINE YASIYOPENDEZA

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salamu nyingi. Muhula umekwisha, watoto wanarudi nyumbani wazima, na ripoti imo ndani ya bahasha hii. Naomba kabla ya kutafuta mtoto amekuwa wa ngapi, usome kwanza maoni ya mwalimu wa darasa. Ameyaandika kwa mkono usiku kucha.

Naanza na furaha, maana nikianza na ada hamtafika ukurasa wa pili.

Mliofika siku ya kufunga mliona ukumbi. Wengine mlisimama mlangoni mkauliza tumemkodi mpambaji gani. Hatukukodi mtu. Maua yale yote, vipepeo waliokuwa wakizunguka juu ya jukwaa na makoja yaliyoning'inia kutoka dirisha hadi dirisha ni kazi ya watoto wenu, na vyote vilikuwa karatasi. Miti ya uani ilikuwa bado haijatoa hata chipukizi, ukumbi ukaitangulia.

Ilianza hivi. Nilimwomba mwalimu wa sanaa apambe ukumbi kwa majira ya kuchipua, ila asiniletee karatasi ya kuomba fedha. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa apike bila moto. Kesho yake akarudi akiburuta gunia: mitihani ya majaribio ya zamani, kalenda za mwaka jana, magazeti, bahasha zilizokwisha kazi, vipande vya manila vilivyobaki baada ya kuandika ratiba. Tukalipima kwenye mizani ya stoo, kilo 12. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina uzito wa gramu 5 hivi, na darasa la sita wakapiga hesabu wenyewe wakaona kuwa tulikuwa tunakaribia kuchoma moto mzigo wa karatasi 2,400. Kuanzia siku hiyo tanuru la takataka halijaonja karatasi.

Niwaeleze jambo moja dogo. Kuna mtoto wa darasa la tatu ambaye tangu aje hapa hajawahi kunyoosha mkono darasani. Yeye alitengeneza waridi kwa karatasi ya mtihani wa hesabu, na kwenye petali ya nje kabisa ikabaki alama ya kosa, wino mwekundu wa mwalimu. Nilimwuliza kama hataki kuigeuza ifichike. Akanijibu bila kuinua macho, "Hiyo ndiyo rangi yake, Mwalimu." Nimeliweka ua hilo ofisini kwangu, mezani, na kila anayeingia analigusa.

Kwa kuwa akina mama wengi, na baba wawili, mliniuliza yanatengenezwaje, naandika hapa nisije nikaulizwa tena kwenye simu usiku. Waridi ni duara moja tu, upana wa kisahani. Unalikata kwa kuzunguka kuelekea ndani, kama ganda la konokono, ukiacha kiduara kidogo katikati. Kisha unaanza kuviringisha kutoka ncha ya nje, si ya ndani. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukifika mwisho, legeza vidole kidogo lipumue, halafu gandisha chini kwa kile kiduara ulichokiacha. Mkato ukiwa na mawimbi badala ya kunyooka, petali zinapendeza zaidi.

Maua makubwa ya kwenye nguzo ni karatasi laini nane zilizopangwa moja juu ya nyingine, zikakunjwa mbele na nyuma kama upepeo, zikafungwa uzi katikati na ncha zake zikakatwa mviringo. Unachambua tabaka moja moja kuelekea juu, polepole. Mwenye haraka ataichana ya tatu. Vipepeo ni mkunjo huohuo wa upepeo: miraba miwili, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwingine, kila mmoja umekunjwa kuanzia pembe, yote miwili ikabanwa pamoja kiunoni. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa ngano na maji. Sehemu moja ya unga kwa nne za maji, unakoroga motoni mpaka iwe nzito na ianze kung'aa. Gundi hiyo haikai siku nyingi, kwa hiyo pikeni kidogo kidogo.

Na ukitaka mkunjo wa karatasi nene uwe umenyooka, pitisha kwanza rula na kalamu iliyokwisha wino. Kalamu hizo sasa zimekuwa lulu hapa shuleni, watoto wanazificha.

Darasa la nne waliniacha hoi. Walichukua gazeti, wakalichana upande mmoja likachanika wima kama limekatwa kwa wembe, wakaligeuza upande wa pili likachanika ovyoovyo. Mwalimu akawaeleza kuwa karatasi inapotengenezwa mashinini, nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande mmoja, na ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unatii. Wiki nzima hawakukunja kitu bila kukichana kidogo pembeni kwanza kupima. Hayo ndiyo ninayoita masomo.

Nasema hivi kwa sababu mzazi mmoja alinipigia simu akaniuliza kama nimeigeuza shule kuwa chekechea. Ndugu yangu, aliyeanzisha hiyo chekechea, Mjerumani Friedrich Froebel, karne ya 19, aliweka kukunja karatasi miongoni mwa kazi za kila siku za watoto kwa makusudi, kwa sababu mtoto anaona umbo na sehemu zake kwa vidole kabla hajaziona ubaoni. Chukua A4 ya ripoti ya mwanao uikunje katikati. Imepungua nusu, lakini umbo ni lilelile. Milimita 297 ukigawa kwa 210 unapata 1.41, ukiikunja tena unapata karibu hivyohivyo, nayo ndiyo kipeuo cha pili cha 2. Darasa la sita waligundua hilo wakitengeneza bahasha za maua. Sasa angalia alama za hesabu za darasa hilo muhula huu, kisha unipigie tena.

Sasa tuje kwenye yaliyoniudhi.

La kwanza linawahusu nyinyi wenyewe. Kazi ya nyumbani ilikuwa ndogo: mtoto atengeneze pambo moja la kuvaa, ikiwa ni hereni, kikuku, ua la kubana nywele au kidani. Asubuhi ya kukusanya, nilipokea taji lenye mikato ambayo mimi mwenyewe na miwani yangu siiwezi. Mwenye taji ana miaka saba. Nilipomwomba anionyeshe jinsi alivyokata, akaniambia, "Mama alisema nisiguse, nitaharibu." Mwingine alileta maua ya plastiki, lebo ya dukani bado iko nyuma. Wazazi, sikuwapa kazi nyinyi. Kama una kiu ya kukata karatasi, kata yako umwachie mtoto yake. Tena hujachelewa: Mary Delany wa Uingereza alianza kutengeneza picha za maua kwa vipande vya karatasi akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, na alipoacha kwa sababu ya macho alikuwa na zaidi ya 900, ambazo hadi leo zimehifadhiwa British Museum, London. Hakuna mtu aliyekukataza kuanza uzeeni. Lakini taji la mtoto lipinde, gundi imwagike, liwe lake. Taji lile la ajabu tulilirudisha nyumbani bila alama.

La pili nimelala nalo wiki mbili.

Siku moja wanafunzi wanne wa darasa la saba walikuja ofisini wakiwa wameficha kitu mgongoni. Kilikuwa kidani cha shanga za karatasi, zawadi yangu. Mnajua shanga hizo zinavyotengenezwa: unakata pembetatu ndefu nyembamba, upana wa sentimita 2 kwenye kitako na urefu wa 25 au 30, unaiviringisha kwenye kijiti cha meno kuanzia upande mpana, unapaka gundi, ncha inabaki juu katikati, kisha unapaka vanishi. Hizi zilikuwa za buluu, buluu tulivu ya kina kirefu, na mstari mwembamba mweupe. Kazi safi. Nilikivaa. Nilikivaa siku mbili, nikaenda nacho mkutano wa walimu wakuu, nikasifiwa, nikajisifu.

Siku ya tatu mwalimu wa jiografia alikuwa ameketi mbele yangu akinieleza habari za ramani. Akanyamaza. Akasogea karibu mpaka nikarudi nyuma. Akasema, "Mwalimu Mkuu, samahani, kwenye ushanga wako wa nne pameandikwa S-I-F-I."

Nilikuwa nimevaa Bahari ya Pasifiki.

Tulikwenda maktaba pamoja. Atlasi kubwa, ile moja tuliyonayo, ilikuwa imekatwa kurasa nne kwa wembe, karibu kabisa na mshono ili isionekane. Pasifiki ilikuwa imekwenda na visiwa vyake vyote. Na gunia la karatasi za bure lilikuwa palepale, hatua kumi kutoka kwenye rafu! Nilipowauliza kwa nini, waliniambia magazeti hayana buluu nzuri. Ni kweli, hayana. Kalenda zinayo. Rangi ya maji kidogo na brashi inayo. Aliyejua kukata kwa unadhifu ule alijua vizuri anachokata.

Sitaki kusikia kwamba ni watoto tu. Mtoto wa darasa la kwanza aliyekata mfuko wa daftari lake kutengeneza kipepeo ni mtoto tu, naye nilimsamehe hapohapo. Hawa wanne wana umri wa kujua kuwa kitabu cha maktaba si mali ghafi. Mwaka huu mitihani yao ina ramani, na sasa darasa zima litasoma bahari kwa kusimuliwa. Wiki ya kwanza baada ya likizo watavalisha jalada vitabu vyote vya maktaba, kimoja kimoja, kwa karatasi ya kaki, mikunjo iliyonyooka, nami nitakagua pembe. Wazazi wao nimewaandikia barua ya peke yao. Baba mmoja alikuja akacheka. Alipoondoka alikuwa hacheki.

La tatu, mahudhurio. Wiki ya mwisho madarasa yalikuwa nusu tupu kwa sababu mlishaamua muhula umekwisha kabla sijaufunga. Waliokuwepo ndio waliopanda ngazi wakafunga makoja, na waliokosekana walikuja siku ya sherehe wakapiga picha chini yake. Mahudhurio yameandikwa kwenye ripoti kwa tarakimu. Yasomeni. Muhula ujao mtoto asiyekuwepo wiki ya mwisho bila barua ya mzazi au ya daktari hatapewa ripoti mpaka mzazi aje mwenyewe.

La nne mnalijua.

Katika kuaga siku ile, zaidi ya mzazi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, kumbe mambo yanawezekana bila fedha." Naomba tuelewane hapo. Karatasi tumeokota. Uzi tumeombaomba, gundi tumepika. Mwalimu haokotwi. Chaki haipikwi kwa unga wa ngano, na fundi aliyeziba paa la ukumbi mliousifia hakukubali kulipwa kwa waridi, ingawa nililitoa kama utani. Nimetazama daftari la mhasibu: kuna familia ambazo hazijalipa hata awamu ya kwanza, na awamu ya tatu imekwisha pita. Nimeahidiwa "mwisho wa mwezi" miezi minne mfululizo. Mwezi huo hauishi?

Wapo wanaonitumia mtoto na kikaratasi cha kuomba muda. Kimoja kilinifikia kikiwa kimekunjwa boti, mtoto alikuwa ameshakichezea njiani. Boti nzuri, mikunjo imenyooka, inaelea. Ada bado. Mwenye shida ya kweli, na najua wapo, aje aketi nami tupange. Sijawahi kumfukuza mtu aliyekuja kusema ukweli, na yaliyosemwa ofisini hayatoki nje. Ninayemlenga ni yule anayepita getini akitazama upande wa pili. Daftari litafungwa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, na asiyekuwa amelipa wala kuonana nami, jina la mtoto wake halitakuwa kwenye orodha ya darasa jipya. Sitalirudia hili kwa barua.

Tarehe ya kufungua iko chini ya ripoti. Sweta zisizo na majina zimejaa stoo, njooni mzitambue. Viatu vyeusi maana yake vyeusi.

Kwa likizo, msitupe kalenda zilizopita, mabomba ya ndani ya karatasi za chooni wala masanduku ya viatu. Watoto waje navyo siku ya kwanza. Mkasi wenye mpini mwekundu uliosahaulika jukwaani uko kwa karani.

Kuhusu kidani: Pasifiki haiwezi kurudi kitabuni, imekwisha gandishwa na kupakwa vanishi mara mbili. Atlasi mpya ikishanunuliwa na wazazi wa wale wanne, nitawarudishia shanga zao. Mpaka siku hiyo, nakivaa.

Wenu katika kazi,

Mwalimu Mkuu