Lenzi ya f/2.8 au ubaki na yako? Tuangalie picha zako kwanza

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja anayepiga picha za harusi, upande wa wanawake, ana Canon yake na ile lenzi iliyokuja nayo kwa boksi, 18-55 (hizo ni milimita: ndogo inaona eneo pana, kubwa inavuta karibu). Akaniambia kaka nataka kuiuza hii niongeze pesa nichukue 24-70 ya f/2.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi, nambari ikiwa ndogo inafunguka zaidi), manake picha zangu za usiku hazitoki. Sikumuuzia siku hiyo, nikamwambia lete memori kadi ya harusi yako ya mwisho tuifungue hapa kwa kompyuta.

Tukaifungua. Za mchana zote safi, ukimvuta karibu bibi harusi unahesabu nyuzi za hina mkononi. Za usiku ukumbini sasa, akina mama wanacheza chakacha, nyuso zaonekana lakini mikono imekuwa kama moshi, na giza lote limejaa chengachenga. Kusoma maelezo ya picha tukakuta ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga, ni 6400, shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ni 1/30 ya sekunde, lenzi imevutwa hadi 55, na hapo kwenye 55 lenzi yake mwisho wake kufunguka ni f/5.6. Basi hapo shida ni mwanga. f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6, yaani kwa ISO ile ile shata inaharakisha hadi 1/125 na ile mikono inatulia, sio yote lakini mingi. Na usidanganywe na kile kidude cha kuzuia mtikisiko, kile kinashika mkono wako wewe, anayecheza hakimshiki.

Kwa hivyo yeye pesa yake ina maana, ila si kwa 24-70. Kamera yake ni ya sensa ndogo, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, kwa Canon unazidisha 1.6, hiyo 24 inakuwa kama 38, yaani inaona eneo dogo, na bibi harusi anapambwa chumbani Mji wa Kale, kitanda, kabati, shangazi watano, wewe mgongo tayari uko ukutani utarudi nyuma wapi? Nikampa akajaribu 17-55 ya f/2.8 iliyotengenezwa kwa kamera kama yake. Ni nzito, gramu 645 na yake haifiki hata 250, nikamwambia ikodishe kwanza harusi moja usikie mkono saa sita za usiku unasemaje.

Lakini wewe unayepiga wageni Fort Jesus au familia pale bustani ya Mama Ngina jua linawaka, unatumia f/8 siku nzima, kwa f/8 lenzi ya bei nafuu inakaribiana sana na ya ghali na mteja anaangalia kwa simu, tafadhali usikope pesa kwa hilo. Ukitaka mwanga kidogo jioni chukua 50mm ya f/1.8, haina zumu utatembea kwa miguu, lakini bei yake ni ndogo sana na inafunguka kuliko hata f/2.8.

Na kama unanunua yuzd, yaani iliyotumika, hapa kwetu pwani adui ni fangasi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa lenzi kubwa imefutwa inang'aa nje, kufika nyumbani nikaimulika na tochi, ndani kuna nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na aliyeniuzia hashiki simu tena. Iliniuma sana. Kwa hivyo toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili kwa mshazari, halafu zungusha zumu polepole na sikio karibu, ukisikia kukwaruza huo ni mchanga, rudisha. Vumbi chembe mbili tatu halina neno.

Kukuangalizia picha na kukumulikia lenzi hatutozi, hata kama utanunua kwa mtu mwengine. Njoo na kamera yenyewe na kadi yenye picha zilizokuudhi, zile nzuri ziache nyumbani.