Vinywele vya bakteria havipigi kasia, huvuta

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Unauliza inakuwaje bakteria wako, Pseudomonas aeruginosa, aonekane kwenye hadubini ya elektroni amejaa vinywele, tena kuliko yule wa kawaida, halafu asisogee hata kidogo. Kuna kosa moja linalotupata wengi hapa: tunadhani mwenye vinywele ndiye mwendaji. Kinachompeleka si kuwa na kinywele, ni kukivuta ndani.

Mjeledi, yaani mkia wa kuogelea wa bakteria, ni kitu kingine kabisa. Una unene wa nanometa 20 hivi, huzunguka kama rafadha na kusukuma seli ndani ya majimaji. Kinywele cha aina ya nne, ndicho alichonacho bakteria wako, kina nanometa 6 hadi 8 tu na hakimsukumi bakteria. Hurefuka, ncha yake hunata mbele, kisha hufupishwa na seli hufuata, kama chombo kinachosogezwa kwa kutupa nanga mbele na kuvuta kamba yake. Ndiyo maana mwendo wenyewe ni wa kushtukashtuka, na unahitaji kitu kigumu cha kushika. (Kitaalamu vinywele hivi huitwa pili, neno linalotuletea utata sisi tunaohesabu kwa Kiswahili, kwa hiyo nabaki na vinywele.)

Kinywele hiki kimejengwa kwa maelfu ya nakala za protini moja, PilA. Kila nakala hukatwa kwanza kipande cha mwanzo na protini nyingine, PilD; isipokatwa, haijengeki. Protini ya PilB hutumia ATP, nishati ya seli, kurefusha kinywele kuanzia kwenye shina. Protini ya PilT nayo hutumia ATP kukifumua kutoka shinani hapo hapo, na nakala hurudi kwenye utando zikisubiri kutumika tena. Kwa bakteria wa kisonono, kufumua huko huenda kwa takriban mikromita 1 kwa sekunde, yaani nakala kama 1,000 kila sekunde, na kinywele kimoja huweza kuvuta kwa zaidi ya pikonyutoni 100. Ukilinganisha na uzito wa seli, hiyo ni kama mara 10,000. Mimi sijaona mashine ndogo inayonistaajabisha kuliko hii.

Basi mshuku PilT. Ikikosekana, vinywele vinatoka lakini havirudi, vinarundikana, na bakteria anabaki amekwama na nywele zake zote. Ishara ya pili: virusi vya bakteria vinavyoingilia kwenye vinywele hivi vitanata bila kumwambukiza, kwa sababu navyo vinahitaji kuvutwa hadi kwenye seli.

Kabla ya kusoma jeni, fanya kipimo cha sahani. Mimina mililita 20 za agari ya LB (jeli yenye chakula cha bakteria) yenye asilimia 1 kwenye sahani ya plastiki ya milimita 90. Utapata kina cha milimita 3 hivi. Chukua bakteria kwa ncha ya sindano na uchome mpaka uguse plastiki. Hapo ndipo watu wengi hukosea: sindano ikiishia katikati ya agari, hakuna kitakachoenea, nawe utamhukumu bakteria bure. Weka kwenye nyuzi 37 kwa saa 24 hadi 48, mahali penye unyevu, kwani agari ikikauka mwendo unakufa. Kisha bandua agari yote taratibu, tia rangi ya kristali violeti ya asilimia 1 kwenye plastiki kwa dakika 10, suuza kwa maji, upime kipenyo cha doa. Usipime kilichoota juu. Huko ni kuongezeka tu. Agari ikiwa nyepesi, tuseme asilimia 0.3, utakuwa unapima kuogelea kwa mjeledi.

Weka sahani tatu: wako, wa kawaida, na mmoja asiye na PilA kabisa. Anza na akiba iliyogandishwa, maana kuhamishwahamishwa maabara huweza kukuachia waliopoteza vinywele. Na unapoandaa sampuli ya hadubini, usiitikise kwa nguvu wala kuivuta mara nyingi kwa pipeti. Vinywele hukatika, na utahesabu visiki.

Kuhusu wale E. coli uliowataja mwishoni, vinywele vyao vya aina ya kwanza havirudishwi ndani. Kazi yake ni kushika tu. Protini ya nchani, FimH, hukamata sukari ya manosi kwenye seli za kibofu, na ajabu yake ni kwamba ikivutwa na mkondo hukaza zaidi. Wakuze kwenye mchuzi wa kukuzia bakteria usiotikiswa, uwachanganye na hamira iliyokorogwa kwenye maji juu ya kioo. Wakiigandisha mabonge, na mabonge yasitokee ukitia D-manosi (sukari hiyo hiyo), basi wamevaa aina ya kwanza. Wasipoigandisha, wahamishe tena kwenye mchuzi mpya mara moja au mbili: jeni hizi huwashwa na kuzimwa kwa kipande cha DNA kinachogeuka, na huenda umekuta wengi wamezima.

Nitumie vipenyo vya sahani zote tatu ukishapima.

Wako,
Hamisi